Filimbi Ambayo Bundala Hakuipiga

Ng'ambo, Tabora
Machi 1979

Mama,

Shikamoo. Mtoto amepona surua, na zile karanga zako zimetufaa sana. Nasikia huko Ziba mvua imenyesha vizuri.

Mume wangu Bundala amefungiwa kambini tangu Jumatatu. Unajua mgambo wanalinda ile njia ya zamani ya misafara kwa ajili ya vita. Kituo kikiona mgeni hupiga filimbi, kituo cha mbele kikasikia. Afande alitaka kujua kipi cha kuaminiwa, akawa anapitisha watu kwa siri kama wageni. Kote filimbi zililia, isipokuwa kwa Bundala. Sasa wanasema amenunuliwa na adui.

Nilimuuliza dirishani, "Kwani hukumwona mtu?"

Akasema, "Nilimwona mama mkwe. Ningemkodolea macho vipi? Niliingia kichakani mpaka akapita."

Amemweleza afande hivyo hivyo. Afande, ambaye si mtu wa huku wala hajui mwiko wetu wa mkwe kutomtazama mama mkwe, alicheka, akasema hicho ni kisingizio.

Mama, watu wa afande walipokutwisha ule mzigo na kukuambia upite pale, hukujua ni lindo la mkweo? Na mbona ulilala kwangu usiku ule usiniambie neno? Usinijibu kwa barua. Panda basi la Ijumaa, uje useme mwenyewe, kwani Jumamosi wanamhamisha na hawasemi wapi.

Afande atawasimamisha chumba kimoja. Najua ni aibu kwenu wote wawili. Wewe ingia tu. Bundala atageukia ukutani, na safari hii wataona wenyewe.

Nakungoja stendi,
Benedikta wako