Vialama Viwili Chini ya Saa Sita

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi! Nimeamka nikimkumbuka Sista Phelister. Miaka kumi na tisa tangu anipokee ICU, mimi na kofia yangu nyeupe iliyotiwa wanga hadi ikasimama yenyewe. Mgonjwa asiyejiweza aligeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na Sista alipitisha kiganja chini ya visigino kuhakikisha. Humdanganyi! Zamu ikiisha tunakwenda soko la Burma kula nyama, tunacheka hadi mwenye bucha anatufukuza. Nilikuwa na furaha siku hizo.

Leo wagonjwa watatu, muuguzi mimi peke yangu. Mzee Zedekiah, mstaafu wa reli, yuko kwenye mashine ya kupumua. Nilimgeuza saa sita. Saa nane na saa kumi sikumfikia — aliletwa mtu wa ajali. Kwenye chati nikaweka vile vialama viwili vya "kama hapo juu". Sote huweka.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee ana kidonda. Kisigino cha kushoto, ngozi imepiga weusi. Mahad, muuguzi wa usiku, ndiye aliyekiona Jumanne jioni alipopokea zamu, akakiandika pamoja na saa. Ana miezi mitatu kazini, mimi ndiye ninayemfunza. Sasa kwa kuwa kakiandika yeye, kimekuwa chake! Matroni anasema chati ya mchana ni safi. Safi!

Celine, binti wa mzee, akanishika mkono. Eti anashukuru Mungu kwamba mchana baba yake yuko nami. Nikajibu asante. Nina uso gani mimi?

Jumamosi, 12 Julai

Leo niko ofu, sina zamu. Nimekwenda Shauri Moyo kwa Sista Phelister. Macho yake yamefifia, lakini ugali bado anasonga mwenyewe. Akauliza kama siku hizi tunawashika wagonjwa au tunatazama skrini tu. Nikamsimulia habari za Mahad — nusu yake.

Akasema naye zamani alimchoma mgonjwa kwa chupa ya maji moto. Alijipeleka mwenyewe kwa matroni, akaondolewa wodini miezi sita.

"Mbona hukutuambia, Sista?"

"Mngeendelea kuniogopa?"

Akacheka. Kisha akauliza huyo kijana anatetewa na nani. Nikajifanya chai imeniunguza. Nilitamani niwe msichana wake tena, anigombeze hadi nilie, yaishe. Kanifungia samaki. Nimefika nao nyumbani Baba Dogo, sijawagusa.

Jumatatu, 14 Julai

Saa tano asubuhi. Nimejifungia chooni kazini, naandikia magotini.

Ofisini kwa Matroni tulikuwa watatu, yeye, Mahad na mimi. Barua ya onyo ya Mahad ilikuwa tayari. Kijana alisema alikikuta kisigino hivyo hivyo. Matroni akamuuliza, kwa hivyo sista wa mchana hakumgeuza mzee?

Kijana akashtuka. "Hapana, Matroni! Sista Wacera ndiye amenifunza. Hawezi andika kitu hajafanya. Labda ni mimi sikuangalia poa."

Labda ni yeye! Wala hakunitazama kwa ubaya. Nikaomba dakika tano. Kwenye ile barua kuna nafasi ya shahidi, na jina langu limeshapigwa chapa hapo. Nimetoka na chati ya mzee kwapani, sijui niliichukua saa ngapi. Mwandiko ni wangu, wino ni wangu.

Matroni anagonga. Anasema Mahad ameshatia sahihi, nimebaki mimi tu —