Kijiko cha Mwonja Maziwa

3 Februari

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama yako mzima, na mimi mzima isipokuwa kifua, ambacho daktari anasema si kizima, ndiyo maana nimeshika kalamu. Wewe hujambo? Na hizo lifti unazojifunza kuzitengeneza, hazijakuangusha?

Nilikuwa napanda ngazi za kituo cha maziwa, zile saba, ya tano ikanishinda. Mimi, niliyekuwa nabeba makopo mawili kila mkono. Wakanipeleka kupimwa. Daktari ni mama mmoja mwembamba, hacheki. Kasema mishipa ya moyo imejaa mafuta kama bomba la kumwagia maji machafu, na yasipopungua atanipasua. Kanipa karatasi yenye njia mbili. Ya kwanza, niache nyama na samaki, nibaki na maziwa na mayai. Ya pili, niache chochote kilichotoka kwa mnyama, hata asali. Akazitaja kwa majina, vejiteriani na vigani, nikamwambia hayo majina ni kama ya dawa ya kupe.

Nimechagua ya kwanza. Nimepokea maziwa miaka thelathini na minane, leo niyakatae kama mtoto aliyeachishwa? Hilo halipo.

Ni mimi baba yako.

16 Februari

Baba, shikamoo. Mama naye shikamoo. Mimi sijambo, lifti ndiyo hivyo hivyo, juu na chini.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa. Baba, njia ya kwanza ni ya mtu ambaye mishipa yake haijaziba. Wewe unakunywa maziwa mazito, unapaka siagi nene kama plasta ya ukuta. Mafuta ya siagi na mafuta ya nyama ni ndugu wa tumbo moja. Chukua ya pili.

Nakuomba, na nakwambia ukweli: ukipasuliwa, mimi narudi kukuuguza, mama hawezi kukuinua peke yake. Mtihani wangu ni Agosti. Nikiukosa, naanza mwaka upya, na fundi mkuu hana uhakika kama atanipokea tena. Sikutishi. Nakueleza tu.

Binti yako.

11 Machi

Kwako binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Afya yako?

Haya, umeshinda, lakini usiringe. Nimechukua ya pili, kwa ajili ya huo mtihani wako tu, huyo daktari hanitishi. Wiki tatu sasa ni maharage, mboga za majani, karanga na chai ya rangi. Mama yako ananipikia maharage kwa namna tisa na zote ni maharage. Yai silitazami. Jirani kachinja, akaniletea sahani, nikairudisha imefunikwa. Nani mwingine wa umri wangu angeweza? Mkanda umeingia tundu moja. Nadhani hata daktari atataka kunipiga picha.

Baba yako, mwenye msimamo.

20 Mei

Baba, shikamoo. Natumaini mu wazima, maana sina njia ya kujua.

Ulitakiwa kupimwa tarehe nne. Simu hupokei. Mama anasema uko bafuni. Baba, mtu haogi siku kumi na sita. Majibu yalikuwaje? Niandikie hata mstari mmoja, usiku silali vizuri na mchana nashika nyaya za umeme.

Binti yako.

29 Mei

Kwako binti yangu,

Marahaba. Usinune. Mama yako hajambo.

Majibu ni mabaya. Mafuta hayajashuka hata kiasi cha ukucha. Daktari kanitazama kama mwizi. Akasema mzee, unakula kwa kujificha. Mama yako akaniapia mbele yake, nami nikaapa, na ni kweli, mezani sijagusa kitu. Nitapimwa tena tarehe ishirini Julai, na yasiposhuka, kisu ni mwanzo wa Agosti. Sikukuandikia kwa sababu niliona haya.

Kazini bado mimi ni mimi. Jana makopo sitini yamepita mbele yangu, kila moja nimechota kijiko nikaonja, na la arobaini na moja nikasema hili lina maji. Mwenyewe akabisha, akabisha, mwisho akakiri. Kile kipima maziwa cha kioo alicholeta meneja bado kimelala kabatini. Ulimi wangu haulali.

Baba yako.

6 Juni

Baba, shikamoo. Mama pia.

Makopo sitini. Kijiko ni kile kikubwa cha mbao nilichokuwa nakiosha nikiwa mdogo? Nimetafuta kinachofanana nacho, nikapima kwa maji. Vijiko sitini ni lita moja na robo. Na wewe huchota juu, palipo na malai, yale mafuta yote ya maziwa, na humeza. Baba, unakunywa lita nzima ya malai kabla jua halijapanda, halafu unarudi nyumbani kuteseka na maharage.

Najua utasema kuonja siyo kunywa. Moyo wako haujui tofauti. Tema, baba. Au kitoe kile kioo kabatini.

Binti yako.

24 Julai

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima, na safari hii nasema nikimaanisha.

Barua yako niliikasirikia siku tatu. Mwonjaji akitema, mfugaji anaona ametukanwa, kazi yetu iko hivyo. Siku ya nne nikatema kwenye ndoo. Bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili akashika kiuno, akauliza kama maziwa yake yamekuwa sumu. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Ikabidi niseme, mimi ambaye sijawahi kusema mbele ya watu, kwamba moyo wangu unaumwa, nikimeza nitapasuliwa. Nilitazama chini.

Yule bibi akasema, "Sasa si uteme, mzee. Ulidhani tunapenda kukuzika?" Akanisogezea ndoo kwa mguu.

Wiki sita nimetema kila asubuhi. Na maji nimeyakamata mara mbili bila kumeza. Meneja akakitoa kioo chake kuhakikisha, kikakubaliana na mimi.

Tarehe ishirini daktari alisoma karatasi mara mbili. Mafuta yameshuka, kisu kimefutwa. Hata akacheka, ana meno mazuri. Akasema sasa naweza kurudi njia ya kwanza, kikombe kimoja cha maziwa kwa siku na yai mara mojamoja. Nikamwambia aniandikie ile ya pili. Kikombe kimoja nakijua mimi, kitaita wenzake.

Mama yako alikuwa amefunga mfuko wa hospitali bila kuniambia, shuka mbili, sabuni, kandambili zangu. Tuliporudi akaufungua, akarudisha kitu kimoja kimoja mahali pake, anaimba.

Usikate tiketi. Kaa ufanye mtihani.

Ni mimi baba yako, kifua hakijapasuliwa.