Garanti ya Gari na Ndugu Yangu Anayeliendesha

Mama Suzanne mpendwa,

Salamu kutoka Baraka. Gazeti lenu hutufikia likiwa tayari limefungiwa ndakala, dagaa wetu wa ziwani, lakini ukurasa wako tunauokoa, tunaukausha juani na kuusoma kwa zamu, na leo ni zamu yangu kuomba msaada, maana nina swali ambalo nikiliuliza hapa mtaani nitachekwa: je, tununue garanti ya gari letu kwa miaka miwili mingine au tuache? Majina nitakayoandika si ya kweli. Mengine yote ni ya kweli.

Mume wangu Waziri ni mfanyabiashara, ananunua ndakala wakavu na unga wa muhogo hapa anapeleka Uvira, na vita vimemnyang'anya mara mbili kila alichokuwa nacho, kwanza duka, kisha boti na mashine yake, akaanza upya kwa kubeba magunia ya watu pale bandarini, na sitaki umwone kama mtu mbaya kwa sababu siku tuliyokimbilia Kigoma alimbeba mama yangu mgongoni kutoka nyumbani mpaka majini, na mama yangu hakuwa mtu mwepesi. Mwaka jana akavuka Bujumbura akarudi na pikapu mpya kabisa, viti bado vina nailoni, watoto wa jirani wakawa wanakuja kuinusa, na mimi sitakudanganya, nilipenda kuketi mbele na kushusha kioo ili wenzangu wanione. Waliomwuzia walimpa garanti ya mwaka mmoja, kwamba likiharibika watalitengeneza bure, wakafunga pampu ya mafuta kwenye injini kwa waya mwembamba wenye muhuri, wakamwambia mkono wa mtu mwingine ukigusa waya ule garanti imekufa. Waziri hajui kuendesha. Anayeendesha ni mdogo wangu Ibrahim, ambaye tumelala naye tumbo moja.

Sasa wewe uko Bukavu, labda hujui mambo ya huku. Hapa kwetu mwenye mashine yoyote, iwe ya kusaga au ya boti au ya gari, akisikia wenye bunduki wanakuja anatoa kipande kimoja ambacho bila hicho mashine haiwaki, anakizika ndani ya unga au chini ya jiko, halafu anakaa mlangoni na uso wa huzuni. Tunaita kulaza mashine. Wakifika wanakuta imelala, wanatukana, wanaipiga teke, wanaondoka, kwa sababu gari lisilowaka hawawezi kulisukuma mpaka milimani. Lakini linalowaka wanalichukua, na hawalichukui peke yake, wanalichukua pamoja na dereva.

Basi siku waliposhuka kutoka upande wa Fizi mtaa wote ulikuwa umeshalaza, na Ibrahim alishafungua boneti, koleo mkononi, akimwomba mume wangu, maana kipande cha kutoa kiko ndani ya ile pampu iliyofungwa waya.

"Shemeki, bako nyuma ya soko! Acha nilaze gari!"

"Usiguse ile waya!" Waziri akapiga kelele. "Ukikata, garanti inakufa!"

"Na mi nikikufa?"

"Hawatakuua. Banatafutaka gari tu."

Walikuwa bado wanabishana wale watu walipoingia uani, na mmoja akaliwasha gari, likawaka mara moja kama linavyowaka gari jipya, akafurahi, akauliza, "Shofere ni nani hapa?" Waziri, Mama Suzanne, alimtazama Ibrahim, na yule mtu akafuata macho yake.

Waliondoka naye mvua zikianza na alirudi kiangazi kimeshaingia. Aliposimamisha gari mbele ya nyumba nilitoka mbio, Waziri naye akatoka mbio akanipita, nikafikiri anakwenda kumkumbatia. Alifungua boneti. Aliinama akatazama ndani, akasema, "Waya iko muzima, Alhamdulillah," ndipo akageuka kumwuliza shemeji yake kama amekula. Sikio la kushoto la Ibrahim halisikii tena. Na hadi leo kila asubuhi anaosha nyuma ya lile gari, hata kama halikubeba kitu, na sisi hatujamwuliza huko alibeba nini.

Gari lilirudi giaboksi inalia na springi zimevunjika, Waziri akalipeleka kwa shida Bujumbura, Ibrahim akiendesha, yeye akiwa na garanti yake mfukoni, wakamwambia yale ni mambo ya vita na garanti haihusu vita, akalipa mwenyewe kila kitu. Nilidhani atarudi na hasira. Alirudi akitabasamu, kwa sababu bwana mmoja wa pale mwenye tai alimwambia kosa lake ni kuwa na garanti ndogo, ipo nyingine inaitwa garanti kamili, ya miaka miwili zaidi, na mtu mwenye garanti kamili analala usingizi. Ile ya kwanza inaisha mwisho wa mwezi huu. Watakagua waya kwanza, wakiukuta umeguswa hawaongezi, kwa hiyo mpaka siku hiyo na miaka miwili baada yake gari hili haliruhusiwi kulala.

Fedha za kununua hana. Anachotaka tuuze ni mtumbwi wa baba yetu ulioko Ubwari, ng'ambo ya ghuba, aliotuachia mimi na Ibrahim, wavuvi wanautumia na kutuletea fungu letu la samaki. Mnunuzi yupo tayari. Ibrahim hatasema ndiyo wala hapana kabla yangu, ndivyo tulivyolelewa, mkubwa ndiye anayesema. Ila juzi alinifuata nikitwanga sombe, majani ya muhogo, akaniambia mimi dada yake, "Yaya, nasikia banajikusanya tena kule juu. Mi sirudi kule. Uambie bwana yako aniache nikate ile waya, ao niende zangu Ubwari." Na Waziri naye ananiambia, "Gari hii hakuna fundi wa Baraka anaijua. Siku ikikufa bila garanti, na sisi tumekufa. Ao we unachagua ndugu yako kuliko nyumba yako?"

Nimechoka, Mama Suzanne. Nikikataa nitaitwa mwanamke aliyemrudisha mumewe kwenye kubeba magunia, nikikubali namwona Ibrahim na ndoo yake ya maji kila asubuhi, na watoto wanakula na kusoma kwa gari hili hili. Niambie wewe uliyesoma: hiyo garanti kamili ni kitu kizuri? Inafaa mtumbwi?

Munira, Baraka

*

Munira,

Pole. Ipokee vizuri, maana sina nyingine ya kukupa leo.

Swali lako nalijibu kwanza ili tulitupe. Msinunue. Garanti ni ahadi kwamba kiwanda kikikosea, kiwanda kitalipa. Haisemi lolote juu ya mtu mwenye bunduki anayelijaza gari kupita kiasi na kulipandisha milimani, na hilo mumeo alishaambiwa usoni, akalipa, akatabasamu. Mwambie arudi kwa yule bwana wa tai amwombe aandike kwa mkono wake, kwenye karatasi ya kampuni, kwamba "kamili" ni pamoja na vita. Hataandika. Na huko kwenu niambie, ni kitu gani kitaharibu gari ambacho si vita? Barabara ya Mboko haijatengenezwa kwa sababu ya vita, mafuta mnauziwa yamechanganywa na maji kwa sababu ya vita, na gereji yenyewe iko ng'ambo ya mpaka unaofungwa kila wakubwa wanapogombana. Mimi nina garanti ya friji. Friji ilibebwa kichwani na kijana aliyevaa sare, nikimtazama kupitia dirisha, na garanti ilikuwa bado na muda wake. Ninayo kabatini. Haijawahi kupoza hata tone la maziwa.

Gari tumelimaliza. Sasa wewe.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikizidi kukasirika. Waya umeuandika kwa urefu, viti vya nailoni umeviandika, bwana wa tai umemwandika mpaka nikamwona. Sikio la ndugu yako umelitupia kamstari kamoja. Unaniuliza kama garanti inafaa mtumbwi, hukuniuliza kama inafaa Ibrahim, na Ibrahim ndiye anayeuzwa hapo. Mtumbwi ukienda, hana pa kurudi. Waya usipokatwa, hana pa kujificha. Mumeo anavitaka vyote viwili, na wewe mkubwa wake, unayejua jibu tangu siku ile boneti ilipofunguliwa, unatafuta mtu wa gazetini akuambie kwamba ni biashara nzuri. Sikuambii.

Waziri simchukii, kama unavyoogopa. Mtu aliyenyang'anywa mara mbili, halafu akaketishwa kwenye ofisi yenye ubaridi, akaambiwa safari hii ukipoteza tutakurudishia, nani kati yetu asingeikamata karatasi hiyo kwa mikono miwili? Nchi nzima inatafuta mtu wa kuisainia hivyo. Inaniuma kumwambia kwamba hayupo, wala Bujumbura wala Kinshasa. Lakini uchungu wake haumpi ruhusa ya kumtazama shemeji yake wakati mwenye bunduki anauliza dereva ni nani. Kumbeba mama yako lilikuwa jambo kubwa na Mungu atamlipa kwa hilo. Halifuti hili.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtumbwi hauuzwi, na neno hilo ulitamke mchana, mbele ya watu wa kwenu na wa kwao, mwite na imamu, usiende kulisema jikoni kwa sauti ya kubembeleza. Waya ukatwe, na aukate Waziri mwenyewe. Akikataa, usipige kelele, usilie, mpe funguo. Mwambie, gari ni lako na garanti ni yako, jifunze kuendesha, keti wewe kwenye usukani uwasubiri wageni wako. Nakuapia hatamaliza hata somo la kwanza kabla hajaomba koleo. Na akikuuliza tena unachagua nani, mwambie nyumba yenye mtu mmoja wa kupelekwa kufa ili wengine wapande gari si nyumba unayoweza kuichagua. Watoto watakula samaki wa babu yao kwa muda. Watalalamika. Gari likilala uani halifi, mtaliamsha siku njia ikitulia, na fundi wa Baraka ambaye hajui gari jipya ataligonga mpaka alijue, kama walivyofanya kwa yale mengine.

Ibrahim asikingoje kikao hicho. Mikutano ya familia ina maneno mengi, na wenye bunduki hawatangojea mfunge dua. Apande boti ya kwanza inayokwenda Ubwari akae na mtumbwi wa baba yenu, na asirudi Baraka hata akiitwa kwa harusi mpaka hao wa kule juu wamepita. Lakini kabla hajaondoka mchukue pembeni, simama upande wa sikio linalosikia, umwulize alibeba nini nyuma ya lile gari. Kisha nyamaza. Usimwambie yameisha, usimwambie asahau, usimletee chakula katikati ya maneno. Kaa umsikilize mpaka achoke mwenyewe.

Jambo moja zaidi. Barua yako ilikaa Uvira muda mrefu ikingoja barabara ifunguliwe, na nikiangalia tarehe uliyoandika, huo mwisho wa mwezi uliokuwa ukiuogopa umeshapita. Sijui kama mliuza. Sijui kama wale wa juu walishashuka. Kama ulikuwa unaningoja mimi ndipo umtoe ndugu yako hapo, ulifanya kosa kubwa, na nitakugombeza kwa hilo siku nyingine. Kama Ibrahim bado yuko nyumbani na unasoma hapa, acha kusoma.

Mama Suzanne