Koti la Kijani Nililovaa Karurumo

S.L.P. 118,
Nkubu, Meru.
18 Agosti 1996

Mpendwa dada Cicily,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako manyunyu ya Agosti hayajatupa nafasi ya kuanika hata soksi. U hali gani? Kifua cha shemeji kimepoa? Na Mbaka, ameshazoea baridi ya Kitale, ama bado anakulilia usiku?

Sisi tu wazima. Shule zimefungwa, kwa hivyo nimepumzika kidogo na kelele za darasa la tatu. Kinoti wangu yuko kwenye shamba lake la kahawa. Mama alishikwa na homa, lakini sasa anatembea mpaka mtoni na kurudi.

Dada, najua maneno yamekufikia kabla ya barua hii. Nimesikia watu wanasema eti nilikwenda kwa wakwe wa ndugu yetu Kithaka nikiwa nimevaa nguo ya maiti. Nakuomba usome mpaka mwisho, halafu ndipo uhukumu.

Unaujua ugonjwa wangu wa mitumba. Kiende, yule mama anayeuza makoti sokoni Nkubu, akifungua robota mpya, mimi niko pale kabla kamba hazijakatwa. Mwezi uliopita niliona mkono wa kijani ukichomoza katikati ya rundo, nikauvuta. Mwalimu mwenzangu naye akauvuta. Mimi sikuachilia. Lilikuwa koti la sufu, kijani kibichi kama jani la kahawa, kola pana, vifungo sita vya shaba. Siku hiyo hiyo nikapata na mkoba mweusi wa ngozi ambao hata mke wa chifu hana. Mikono ya koti ilinizidi urefu, nikampelekea fundi Mwongera aipunguze. Nilipojitazama kwenye kioo chake, dada, sikutaka kulivua.

Nikaliweka kwa siku ya ruracio ya Kithaka, siku ya kupeleka mahari.

Tulifika Karurumo kwa wakwe Jumamosi ya tarehe kumi, watu kumi na wawili, baba mdogo Naftaly akitangulia. Tulipokelewa vizuri kwa nyimbo. Unakumbuka kwamba Kagure, mchumba wa Kithaka, alifiwa na dada yake Celina mwaka jana. Hilo tulilijua, na tulijiandaa kutoa pole kabla ya lolote.

Tulikuwa tumeketi, sahani za njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, zinapita, shangazi yake Kagure alipotoka jikoni na jagi la maji ya kunawa. Alinifikia. Akatazama kola, akatazama vifungo. Maji yakaanza kumwagika miguuni pangu na yeye hana habari.

"Umelitoa wapi hili koti?"

Nikamjibu kwa tabasamu, "Sokoni, Nkubu."

"Hili ni koti la Celina," akasema. "Mimi mwenyewe nilimvalisha. Tulimzika nalo!"

Dada, kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Kijana mmoja wa kwao akasema kaburi lazima lilifukuliwa. Mzee mwingine akasimama, akataka tutoke bomani kabla hajatutoa yeye. Nilimtazama Kithaka. Uso wake ulikuwa umekauka. Kagure alikuwa amesimama mlangoni, amefunika mdomo kwa leso, na mimi nikajua kwamba nimeivunja ndoa yao kwa urembo wangu.

Baba mdogo alijaribu. "Jamani, kiwanda hakishoni koti moja. Hata huyo Celina alilinunua wapi?"

"Alilinunua mitumba, Embu mjini," shangazi akajibu, "lakini lilikuwa moja, na liko chini ya ardhi!"

Ndipo Mama Celina akanyanyuka. Akasema polepole kwamba koti la binti yake liliunguzwa na pasi ya makaa kwenye ncha ya mkono wa kushoto, ndani na nje, na kwamba alama ile hakuna dawa ingeweza kuiondoa. "Nipe mkono wako, nione."

Nikanyoosha mkono, na papo hapo nikamkumbuka fundi. Ningeweza kunyamaza, dada. Lakini Mungu ananiona.

"Mama," nikasema, "mikono niliipunguza kwa fundi."

Wee! Shangazi alipiga mayowe. "Mmesikia? Amekata ushahidi!"

Mama Celina hakugeuka. "Alikata, ama alikunja?"

Sikujua. Mwongera aliniuliza siku ile, nami nikamwambia afanye anavyoona sawa, akili yangu ikiwa kwenye kioo. Niliposema sijui, hata watu wetu waliinamisha vichwa.

Koti likavuliwa, likawekwa juu ya meza mbele ya wazee. Wembe ukaletwa. Mama Celina akageuza mkono wa kushoto, akaanza kukata uzi mmoja mmoja, na kila uzi ulipokatika mimi niliusikia. Bitana ikaachana na sufu. Akaingiza kidole. Akavuta.

Kitambaa kikatoka, kizima, upana wa vidole vinne. Mwongera hakuwa amekata. Mama Celina akakinyoosha, akakigeuza huku na huku, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa safi, kijani kitupu.

"Si lake," akasema.

Shangazi akaketi chini palepale kwenye maji aliyoyamwaga, akalia kama siku ya msiba. Nilidhani Mama Celina atanirudishia koti. Hakulirudisha. Alilikunja, akaliweka mapajani, na mazungumzo ya mahari yakaendelea mpaka mwisho huku mkono wake ukiwa juu ya ile sufu. Hakuna aliyethubutu kuliulizia. Wazee walikubaliana, Kagure akatoka kutusalimu, sala ikaombwa.

Tulipokuwa tunaaga, mama yule alinijia. Akanivalisha koti, akafunga vifungo vyote sita yeye mwenyewe, kuanzia chini. Cha shingoni alikifunga, akakifungua. "Huyu wangu hakupenda kimbane hapa," akaniambia. "Harusini njoo nalo. Nitakutafuta kwa macho."

Harusi ni tarehe saba Desemba. Nitalivaa, hata watu waseme nini, na nataka wewe uwe umekaa ubavuni mwangu.

Nisalimie shemeji, Mbaka, na mama mkwe wako. Mama anakusalimu sana, Kinoti vilevile, na Kithaka anasema usikose. Mungu awafunike wote chini ya mkono wake.

Mimi mdogo wako, nikupendaye daima,

Wamuyu