Mume Wangu Amenikimbia kwa Sababu Najifunza Sana

Mshauri mpendwa, nakuandikia mteja akiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, hasikii kitu, nisaidie maana mume wangu amehamia kwa wifi na kosa langu eti ni kupenda kujifunza. Mimi ni msusi, na mtu akikaa kusukwa mdomo haukai kimya, basi kila anayekaa kitini kwangu namwomba anifundishe kitu kimoja cha kazi yake, nikikipata nasikia raha mpaka njiani nacheka peke yangu. Muuguzi alinifundisha kufunga bandeji, jioni nikamfunga mama mkwe goti lisilo na tatizo lolote, akashindwa kuinuka kwenye kochi. Dada mmoja fundi bomba alinifundisha kuziba bomba linalovuja, sikuwa na vifaa vyake nikalisukia rasta, na maji yaliacha kuvuja kweli, ila mume wangu akioga na sabuni machoni alipapasa akashika nywele, akatoka mbio na povu lake. Hayo aliyavumilia. Juzi akaleta mkate, yeye ni mwokaji, nami nikamweleza hamira inavyofanya kazi kama nilivyoelezwa na mwalimu wa sayansi, mwanzo hadi mwisho, mama yake anasikiliza, nikamalizia kwamba mkate wake ungeweza kuumuka zaidi. Akasema, "Haya, endelea na masomo, mama profesa," akabeba mto akaondoka. Kazi yake mbona naijua, ni unga, maji na moto tu! Nampenda, nyumba imepoa, lakini kuacha kujifunza siwezi. Nifanyeje?

Msusi Mwenye Kiu

*

Mwenye Kiu, pole, halafu kaa vizuri nikuseme. Kwa hilo bomba la rasta nimecheka hadi mhariri akaja kuniangalia. Raha yako naielewa na sikwambii uiache. Lakini hebu isome tena barua yako. Umemuuliza muuguzi, umemuuliza fundi bomba, umemuuliza mwalimu, na mtu unayelala naye umemmaliza kwa maneno matatu: unga, maji, moto. Mwenzio hakukimbia masomo yako, dada. Amechoka kuwa mtu pekee hapo mjini ambaye hana cha kukufundisha. Tena ukamsahihisha mkate mbele ya mama yake! Hapo hata mimi ningebeba mto.

Kesho funga saluni, nenda kazini kwake, si kwa wifi, huko utakuta mahakama imeshakaa. Omba radhi, na usiitie "lakini". Kisha mwombe akufundishe kukanda unga. Vidole vya msusi vimezoea kuvuta na kubana, kwa hiyo utaharibu, naye atakucheka. Mwache acheke, ana haki. Yule mwalimu wa sayansi usimtaje kabisa, na lolote unalolijua kuhusu hamira limeze. Uliza, sikiliza, uliza tena. Ukimaliza somo zima bila kumwelekeza hata mara moja, mshike mkono mrudi nyumbani, maana siku hiyo na yeye atakuwa amejifunza jambo jipya kuhusu mkewe.