Wanawake Ambao Hawakuulizwa

Penrith, Sydney

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya Lushoto? Sisi tu wazima, ila korona imetufungia ndani. Baba Neema amegeuza ubao wa kupigia pasi kuwa meza ya ofisi, na ukimsogelea anasema yuko kikaoni.

Masomo ya ukunga nayafuata jikoni, kwenye kompyuta. Wiki iliyopita mwalimu wetu, mama mmoja mpole wa Kizungu, alimsifu daktari wa zamani wa Marekani aliyejulikana kwa kushona fistula. Hakusema alijifunzia kwa nani. Mimi nilikuwa nimesoma: kwa wanawake weusi watumwa, akiwakata tena na tena bila ganzi. Ruhusa ilitoka kwa mabwana zao, waliotaka wapone wazae tena, maana mtoto wa mtumwa alikuwa mali ya bwana. Nikawakumbuka wagonjwa wako wa fistula, wale waliovuja mkojo baada ya uzazi mgumu. Wewe, nesi wao, ulikuwa unapiga hodi hata kwenye pazia la wodi.

Nikanyoosha mkono, nikayasema hayo, Mama, dakika nne nzima, machozi yananitoka. Nilipomaliza, mwalimu akasema, "Samahani Rehema, hatukusikii. Hujawasha kipaza sauti."

Nikakiwasha. Papo hapo Baba Neema akapita nyuma yangu, juu shati na tai, chini bukta, akifoka, "Nani kaweka soksi zangu kwenye friji?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilitaka kuizima kompyuta nikajifungie chooni. Kisha nikajiambia, wale wanawake hawakupewa hata nafasi ya kukataa, mimi naogopa bukta? Nikayasema yote upya. Kicheko kikaisha.

Mwalimu akasema, "Nimefundisha somo hili miaka mingi bila kuwataja. Wiki ijayo somo utalianza wewe."

Jana nikaanza. Nikaomba tunyamaze dakika moja. Katikati yake Neema akaja, akauliza kwa Kiingereza chake, "Mama, mtandao umekatika?"

"Hapana. Tunawakumbuka akina mama walioumizwa."

Akanipanda mapajani, akaisogelea kamera, na kwa Kiswahili anachokikataa kila siku akasema, "Poleni."

Hakuna aliyecheka.

Nisalimie kaka Elia fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya, mwambie barakoa aivae puani, si kidevuni.

Nakubusu mikono,
Binti yako Rehema