Ukuta Tuliousafisha kwa Ajili ya Wageni

Chumba cha nyuma ya msikiti,
Mtaa wa Juu.
Alhamisi, tarehe 12 Februari.

Mpendwa mpwa wangu,

Amani na rehema za Mwenyezi Mungu ziwe juu yako, juu ya mkeo, na juu ya watoto wako ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Natumaini waraka huu utakukuta mzima wa mwili na wa imani, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri wangu. Macho yamepungua nguvu, ila bado nasomesha watoto kila asubuhi, na anayekosea kusoma namkamata kwa sikio hata nisipomwona.

Mama yako naye hajambo, isipokuwa magoti. Hutoka kitandani hadi jikoni kwa kushika ukuta, na akifika hukaa chini kama msafiri aliyewasili. Ni kwa ajili yake nimeshika kalamu. Mvua kubwa zimekaribia, naye hataki kuondoka katika ile nyumba ya ukingoni mwa mto. Nimeshindwa naye. Niruhusu nikueleze tulivyofika hapa, kisha nitakuomba jambo moja.

Ulisimuliwa mafuriko ya mwaka juzi. Maji yaliingia katika safu yote ya nyumba za chini, yakalala humo, na yalipoondoka yaliacha mstari wa tope ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima. Siku hiyo mama yako alikuwa kwangu, amekuja kunijulia hali kwa kuwa nilikuwa na homa. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeileta homa ile. Lau si hiyo, sijui leo ningekuwa nakuandikia nini.

Baadaye zikaja habari kwamba idara inayosimamia mto itatuma wataalamu kupima mahali maji yalipofika, ili lijengwe tuta la kuyazuia. Mtaa mzima ulifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyotuponza. Mama yako aliwakusanya wanawake wa safu yao, akawaambia kwamba wageni hawapokelewi katika nyumba zenye matope, watatuonaje? Kuta zikasuguliwa. Chokaa ikaletwa. Fundi cherehani wa jirani, ambaye sote tunamwita Mkasi, alipaka mpaka mlango wa choo. Wataalamu walipofika waliikuta safu nzima nyeupe pe, imependeza, utadhani pana harusi.

Walikuwa na fimbo zao za kupimia, na katika kila nyumba waliuliza maji yalifika wapi. Nani angekubali kumwambia mgeni kwamba godoro lake liliogelea? Wote walijibu kwamba yaliingia kidogo tu, yakalowesha kizingiti. Mama yako aliwapa chai, akawaambia nyumba yake haijapata kumwaibisha. Wakashukuru, wakaenda karakana ya maseremala, watu ambao kwa wingi wa kazi hawakuwa wamefuta hata doa moja. Kule mstari wa tope ulikuwa ungali ukutani, na ndio walioupima.

Tuta limejengwa, mpwa wangu, na sitalisema vibaya. Udongo umeshindiliwa vyema, mawe yamefungwa ndani ya wavu wa waya, na juu pamepandwa nyasi. Linaanzia sokoni, linapita nyuma ya karakana, na linaishia kwenye kinu cha unga. Safu ya mama yako imebaki nje, upande wa mto.

Hilo peke yake lingevumilika. Lakini zamani mto ulipofura ulikuwa na pa kutawanyika; soko lilipata fungu lake, karakana fungu lake, na sisi letu. Sasa unaligonga tuta, unageuka, na kuja wote kwa walio nje. Mvua ya mwezi uliopita, mvua ya kawaida tu ambayo zamani isingefika hata ngazini, ilijaza ua wa mama yako. Tulipanga viroba vya mchanga mlangoni, vikapangika vizuri kabisa. Maji yakatuacha hapo hapo na viroba vyetu, yakaibukia ndani kupitia tundu la bafu, taratibu, kama mwenye nyumba.

Mkasi hata katika hali hiyo hakuacha mzaha wake. "Maalim," aliniambia tukichota maji kwa ndoo, "umaridadi umetumaliza. Tungewapokea na uchafu wetu, leo tuta lingetufikia mpaka chumbani." Nilimkemea, kisha nikacheka. Mama yako, aliyekuwa juu ya kitanda, hakucheka. Tukaendelea kuchota.

Tulikwenda idarani kulalamika, wakatuletea mhandisi, binti mwenye adabu ambaye alivua viatu mlangoni ijapokuwa sakafu ilikuwa tope tupu. Mkasi alikuwa amekwangua chokaa kwa kisu ili kulifichua lile tope la zamani. Nikamwambia, "Tazama, binti yangu. Liko hapa chini."

"Naliona, babu. Lakini mlilisugua kabla ya kupaka, limeenea ukuta mzima. Mstari haupo. Nikiandika kwamba maji yalifika kifuani, wataniuliza nimeuona wapi."

"Na sisi tuliokuwemo, si mashahidi?"

"Nyinyi ndio mliosema kizingiti, babu."

Alilisema kwa upole, na kwa upole huo huo likaniingia. Ameahidi kuomba tuta lirefushwe, nami naamini ataomba. Lakini haliwezi kurefushwa kabla ya mvua hizi. Alipokuwa akivaa viatu vyake alituonya kwamba mvua kubwa ya kwanza ikianza, asibaki mtu katika safu ile.

Majirani wamesikia. Mkasi amehamishia cherehani yake kwa shemeji yake, na wengine wamegawanyika kwa jamaa zao wa Mtaa wa Juu. Nyumba yenye mtu ni moja tu.

Nimemwambia mama yako kwamba chumba changu ni kikavu na nitamwachia kitanda, mimi nitalala darasani. Aliniuliza, "Kaka, mwanangu akija usiku, atabisha hodi wapi?"

"Atabisha kwangu."

"Kwako! Wewe ukishalala, hata mlango ukivunjwa huamki."

"Basi nitamwachia Mkasi maagizo."

"Mkasi ndiye kabisa. Sitoki, kaka. Mwanangu ameniambia atakuja kabla ya mvua. Ameniambia kwa kinywa chake."

Kila juma anaanika shuka za kitanda chako. Hawezi kusimama muda wa kuzitundika, kwa hiyo huzianika akiwa amekaa, anazitupa juu ya kamba, na zikianguka anaanza upya. Nimemkuta akifanya hivyo, nikarudi nyuma bila kubisha hodi.

Vijana wa karakana wamejitolea kumbeba. Wanasema ni mwepesi, ni suala la dakika chache. Nimewakataza, kwa kuwa siwezi kumwona dada yangu akitolewa nyumbani kwake kwa nguvu, analia, na majirani wanatazama. Sijui kama nimefanya vyema. Nimesomesha subira tangu ujana wangu, na sikujua kwamba ipo siku mtu hataweza kupambanua kama anasubiri au amekosa tu la kufanya. Naomba dua, kisha nakwenda kuutazama mto, kisha narudi kuomba.

Mpwa wangu, sikulaumu. Aliye mbali na mama yake humwambia lile ambalo mama anatamani kulisikia, naye mama hulihifadhi. Ulimwambia hivyo mwaka jana, na mwaka uliotangulia, na hatukukuuliza, kwa sababu tunajua kazi na vibali vya huko havimo mikononi mwako. Lakini mwaka huu neno hilo limemfunga mguuni.

Ombi langu ni hili. Ikiwa unakuja, njoo sasa. Ikiwa huji, mpigie simu umwambie kwamba huji. Usiseme labda, usiseme panapo majaliwa, maana atalishika hilo labda na kukaa nalo mpaka maji yamfikie kitandani. Mwambie huji, na kwamba siku utakapokuja utabisha kwa mjomba. Litamuumiza, najua. Nipe habari siku utakayompigia. Nitaazima mkokoteni wa maseremala, nitautandika godoro, na nitasimama nje ya mlango wake mpaka mmalize kuzungumza.

Nisalimie mkeo, na umshukuru kwa miwani aliyonitumia. Nisalimie wajukuu zangu mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo. Shangazi yako anakusalimu sana, na Mkasi anasema suruali uliyomwachia ashone ingali kwake, imechakaa ikikungoja.

Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe kauli ya kweli na ulimi mwepesi wa kuitamka, na amlinde aliyekuzaa.

Nami nabaki mjomba wako, nikupendaye na kukutegemea,

Maalim